Soleá na alegrías kwa bendi ya kupuliza ya watu 27: mnaandikaje mzunguko wa hesabu 12?

Mpanga_Noti_Kariobangi

Habari za jioni wakuu. Kuna kazi ya kupanga vipande viwili vya flamenco (muziki na dansi ya kusini mwa Uhispania) kwa bendi ya ala za kupuliza hapa Nairobi. Cha kwanza ni soleá (mtindo wa taratibu) fupi ya dakika tatu hivi, bendi peke yake. Cha pili ni alegrías (mtindo mchangamfu) kamili yenye mcheza dansi mmoja, mwanamke, mwenye viatu vya misumari, na inaishia kwenye bulerías (mtindo wa kasi). Mwimbaji hakuna. Gitaa huenda likawepo, huenda lisiwepo.

Ala zilizopo: filimbi 3, klarineti 6, saksafoni alto 3, tena 2, tarumbeta 4, honi za F 2, tromboni 3, yufoniamu 1, tuba 1, ngoma watu 2. Nusu ya wapiga shaba wamelelewa kwenye bendi za Jeshi la Wokovu, kwa hiyo kusoma noti si shida. Wapiga klarineti wengi bado ni wanafunzi.

Maswali yangu:

1. Soleá ikiandikwa kwa 3/4, vipimo vinne kwa mzunguko, bendi inaisoma kama waltz. Mkazo wote unaangukia 1. Kuna njia gani nyingine ya kuandika?
2. Ufunguo upi? Wapiga gitaa wanapiga soleá kwenye E na alegrías kwenye E vilevile. Alto akipewa alegrías ya E ya piano (yaani sauti halisi; ala nyingi za bendi huandikiwa noti tofauti na inayosikika) anasoma shapu saba.
3. Rasgueado ya gitaa (kukwangua nyaya zote kwa vidole, kimoja baada ya kingine) inahamishwaje kwenye ala za mdomo?
4. Mcheza dansi anataka uhuru wa kurefusha sehemu. Noti zilizochapishwa haziwezi kurefuka. Mnafanyaje?

---

Fundi_wa_Mapigo

Mkuu, nianze na la kwanza kwa sababu likiharibika hilo mengine yote ni kazi bure.

Hesabu ya soleá na alegrías ni 1 hadi 12, mikazo ikiwa kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Sasa ipange kwenye vipimo vinne vya 3/4 uone kinachotokea: 3, 6 na 12 zinaangukia pigo la tatu la kipimo, 8 inaangukia pigo la pili, na 10 peke yake ndiyo inapata pigo la kwanza. Yaani kati ya mikazo mitano, minne iko mahali ambapo mpiga bendi amefundishwa tangu siku ya kwanza apige kwa wepesi. Ukiongeza alama za mkazo juu ya noti atazifuata kwa kurasa mbili, akichoka anarudia waltz.

Anza kipimo kwenye 12. Ukihesabu kuanzia hapo, mikazo inakuwa mwanzo wa makundi matano: 3+3+2+2+2. Kila mkazo sasa uko mbele ya kundi lake na jicho linasaidia badala ya kupinga. Kwa namna hiyo:

- Soleá, mwendo wa taratibu (hesabu 75 hadi 90 kwa dakika): kila hesabu iwe robo noti. Andika 3/4, 3/4, 2/4, 2/4, 2/4. Vipimo vitano kwa mzunguko mmoja.
- Alegrías (130 hadi 150 inatosha kwa bendi) na bulerías (200 hadi 230): kila hesabu iwe nusu ya robo. Andika 6/8 kisha 3/4, vipimo viwili kwa mzunguko, na juu ya mabadiliko ya kwanza uweke alama kwamba noti ndogo haibadiliki urefu. Usiposema hivyo, kuna mtu ataifanya robo ya 3/4 ilingane na robo yenye nukta ya 6/8, na hapo mzunguko wa 12 umevunjika.

Usiandike 12/8 moja kubwa. Inaonekana nadhifu, ila mpiga ngoma wa bendi akiiona anapiga makundi manne ya tatu tatu, na zile mbili mbili tatu za mwisho zinapotea. Hizo ndizo flamenco yenyewe.

Mambo mawili ya ukurasa ambayo watu huyadharau. Juu ya mstari, weka tarakimu ndogo 12, 3, 6, 8, 10 mahali pake, kwa kila ala, hata kwa wanaopumzika. Pia lazimisha programu ya noti ivunje mstari mwishoni mwa mzunguko, mizunguko miwili kwa mstari, isizidi. Aliyepotea ananyanyua macho, anasikia ile 10, anajua yuko wapi kwenye mstari. Ukiiacha programu igawe yenyewe, mzunguko unakatwa katikati na ukurasa unageuka.

Kuongoza: mkono mmoja, mapigo matano yasiyolingana, mawili marefu na matatu mafupi. Usigawe ndani ya makundi isipokuwa kwenye soleá.

Na hili la mwisho ndilo gumu kwa bendi: sentensi ya muziki inafunga kwenye 10. Si kwenye 12, wala kwenye 1 inayofuata. Akordi kwa kawaida inabadilika kwenye 3 na kurudi nyumbani kwenye 10. Hesabu ya 11 na 12 ni pumzi, au vigelegele vya gitaa na makofi. Bendi iliyozoea maandamano inataka kutua kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, na mcheza dansi atakuwa ameshafunga miguu hesabu mbili nyuma. Andika 10 kwa noti fupi yenye nguvu na baada yake pumziko halisi, lisilo na kitu chochote cha kumvuta mtu mbele.

---

Klarineti_ya_Pili

Kuhusu ufunguo. Fundi amesema kweli kuhusu hesabu, lakini ufunguo mbaya unaua bendi ya wanafunzi haraka kuliko hesabu mbaya.

Soleá kwanza. Gitaa linapiga kwenye modi ya Frigia ya E, mteremko wa Am, G, F, E, na ile E ya mwisho ni meja. Kwa bendi ishushe toni moja: D ya piano. Mteremko unakuwa Gm, F, Eb, D. Tazama kila mtu anasoma nini:

- Filimbi, tromboni, tuba: Gm, F, Eb, D. Flati mbili.
- Klarineti, tena, tarumbeta: Am, G, F, E. Hakuna alama yoyote mwanzoni.
- Alto: Em, D, C, B. Shapu moja.
- Honi ya F: Dm, C, Bb, A. Flati moja.

Shapu ya akordi ya mwisho (F# ya piano, G# kwa klarineti, D# kwa alto, C# kwa honi) iandike pale pale kila inapotokea, usiitie kwenye ufunguo.

Kuna zawadi ya ziada hapa. Klarineti inasoma E ileile anayosoma mpiga gitaa, na noti ya chini kabisa ya klarineti, E ile ya chini ya mistari, ndiyo noti ya waya wa sita wa gitaa jinsi inavyoandikwa. Kwa hiyo falseta, yaani vile vipande vya gitaa vya katikati, unaweza kuviweka mbele ya klarineti karibu kama vilivyo na vikakaa ndani ya ala. Tarumbeta hapana, noti yake ya chini inaishia F#, kwa hiyo E ya chini haina.

Tahadhari: usiandike mteremko A, G, F, E katikati ya mistari kwa klarineti. Hapo ni kooni mwa ala, sauti ni nyembamba, na wanafunzi sita hawatalingana sauti. Uweke oktavu moja chini, kwenye sauti nene, au oktavu moja juu. Ukitaka uzito, klarineti mbili chini pamoja na yufoniamu.

Alegrías sasa. Hii ni meja. Mtu wa kwanza atakwambia shusha E iwe Eb, na ni kweli Eb ni kitanda cha bendi. Lakini alegrías ya kuchezwa ina silencio, sehemu ya polepole inayoingia minor ya noti ileile. Eb minor ina flati sita kwa filimbi na tano kwa honi. Ukichagua Bb, Bb minor haiko mbali na hapo: flati tano kwa filimbi. Nenda F. F meja ni G kwa klarineti, D kwa alto, C kwa honi. Silencio ya F minor inampa filimbi na tromboni flati nne, honi tatu, klarineti mbili, alto moja. Hakuna anayelia.

Gitaa likija, alegrías anaweka kapo (kibanio cha nyaya) kwenye kibao cha kwanza na kupiga maumbo yake ya E. Soleá ya D anapiga maumbo ya A na kapo kibao cha tano. Mwambie mapema, maana atakuwa amejiandaa kwenye E.

---

Bwana_Tromboni

Rasgueado. Watu wengi wanakimbilia kuwapa tarumbeta ulimi maradufu, tu-ku-tu-ku, mizunguko mizima. Kwa mizunguko minne inasisimua, ya tano midomo imekwisha na bado kuna bulerías mbele.

Elewa kwanza gitaa linafanya nini. Akordi ya gitaa inapasuka halafu inakufa yenyewe. Akordi ya bendi haifi mpaka mtu aache kupuliza. Ukimwandikia mtu robo noti yenye nukta ya kukatia, nusu ya watu watakata na nusu watavuta. Andika noti fupi kweli na pumziko kweli. Mpasuko upe watu kumi, mkia upe wawili: tarumbeta, alto na tromboni wanapiga noti fupi kwa nguvu, na papo hapo tena moja na yufoniamu wanaingia kwa nguvu ileile kisha wanashuka ghafla na kushikilia kwa sauti ndogo. Msikilizaji anasikia waya unaotetemeka.

Kwa mbio zenyewe, gawa. Kwenye bulerías ya 220, noti mbili kwa kila hesabu ni noti saba na ushee kwa sekunde. Mpiga klarineti mwanafunzi mwenye ulimi wa kawaida hawezi kuzidumisha. Basi klarineti ya kwanza ipige kundi la kwanza na kutua kwenye noti ya kwanza ya kundi la pili, klarineti ya pili ichukue kutoka hiyo noti, na kuendelea. Ile noti ya kupokezana lazima ipigwe na wote wawili. Usipofanya hivyo panakuwa na tundu, na tundu kwenye mwendo huo linasikika kama mtu amekosea. Filimbi zinaweza kutetemesha ulimi, ila mara moja tu, kwenye 11 na 12, kuelekea mwanzo mpya.

Ule mgongano wa gitaa, pale akordi ya F inapoachiwa nyaya za wazi za B na E zikilia juu yake, ndio unaoleta ladha. Kwetu ni Eb yenye D na A ndani. Mgongano wa Eb na D wape klarineti mbili za chini au tarumbeta mbili zenye vizibo. Ukiupa tromboni mbili za chini utapata ngurumo na kondakta atasimamisha bendi akidhani kuna aliyepotea.

Tuba: usimpe mikazo yote mitano. Mpe 3 na 10 tu, mahali akordi inapohama na inaporudi. Akipiga zote, bendi nzima inavaa buti.

Sauti ya mwimbaji, kwa kuwa hamna mwimbaji, mpe alto mmoja au yufoniamu, na umwandikie mifupa ya wimbo tu. Ukiandika kila pambo kwa noti ndogo ndogo atazisoma kama zoezi. Mwandikie noti kuu, weka mstari wa mawimbi mahali pa kupamba, na umwambie mapambo yakae ndani ya noti nne za mteremko. Pumzi avute baada ya 10. Jorge Pardo alifanya saksafoni na filimbi zikubalike kwenye flamenco akiwa na kundi la Paco de Lucía. Mwambie mpiga alto wako amsikilize jinsi anavyoacha nafasi. Tromboni nao wana kilio cha bure: Eb kwenda D katikati ya ala ni nafasi ya tatu kwenda ya nne, mtelezo wa nafasi moja. Utumie mara mbili katika soleá nzima. Mara ya tatu ni vichekesho.

---

Mama_Jukwaa

Niingie kwenye la nne, maana naona wanaume wa noti wamemwacha mcheza dansi pembeni.

Alegrías ya kuchezwa ina mpangilio unaojulikana: kuingia, llamada (mwito wa mcheza dansi), letra (beti), falseta au letra ya pili, silencio, castellana (kipande kichangamfu baada yake), escobilla (sehemu ya mapigo ya miguu), kupanda kasi, bulerías ya kutokea. Mpangilio haubadiliki ovyo. Kinachobadilika ni idadi ya mizunguko ndani ya kila sehemu. Kwa hiyo sehemu zisizonyumbulika ziandike kamili: letra, silencio (mara nyingi mizunguko sita) na castellana. Zinazonyumbulika ziandike kama boksi: mzunguko mmoja au miwili yenye alama za kurudia na maneno «rudia hadi ishara». Maboksi matatu yanatosha: moja la kuingia, moja la escobilla, moja la bulerías.

Ishara yenyewe ni llamada. Mcheza dansi anaita kwa miguu yenye nguvu na mikono, kwa kawaida mzunguko mmoja au miwili, anafunga kwenye 10. Kondakta akiiona inaanza ananyanyua ngumi ya kushoto. Bendi inamaliza boksi, inafunga naye kwenye 10, na 12 inayofuata ni sehemu mpya. Fanyeni zoezi la hii peke yake, bila wimbo: boksi, llamada, kufunga, mara nyingi nyingi. Mcheza dansi na kondakta wakubaliane llamada inaonekanaje, kwa sababu pambo kubwa la miguu linafanana nayo na bendi itaruka kabla ya wakati.

Sasa, kondakta anatazama bendi na mcheza dansi yuko nyuma yake. Hili halionekani kwenye noti lakini linavunja onyesho. Mweke mcheza dansi pembeni mbele, kushoto kwa kondakta, na kondakta asimame upande upande.

Escobilla: nyamazisha bendi. Watu 27 wakipuliza hata kwa sauti ndogo wanafunika miguu kabisa. Acha cajón (sanduku la mbao linalopigwa kwa mikono), makofi laini na klarineti moja ya chini na yufoniamu wakipiga noti fupi. Hapa muziki unatembea tatu tatu kweli, kwa hiyo 3/4 inaruhusiwa, Fundi asinikasirikie. Kasi anapandisha mcheza dansi, cajón inamfuata, bendi inafuata cajón. Kondakta asipandishe kasi. Wakipandisha wote wawili ni mashindano.

Sakafu: jukwaa la zege halisemi na linaumiza magoti, zulia linameza kila kitu. Nunua plaiwudi mbili za futi nane kwa nne, unene wa milimita 18, ziunganishwe upande mrefu ziwe mraba wa futi nane, chini weka vipande vya mpira visiteleze. Viungio vipigwe skrubu kutoka chini ya ubao, maana skrubu iliyochomoza juu inakamata kisigino. Maikrofoni bapa ya sakafuni, moja, iwekwe ukingoni mwa ubao, mbali na tarumbeta.

---

Mpanga_Noti_Kariobangi

Asanteni sana. Mwalimu Fundi, swali dogo. Wapiga ngoma wetu wanasema hii 6/8 na 3/4 wanaijua kutoka kwenye chakacha, kwa hiyo wapewe uhuru wapige wanavyohisi. Nikubali? Halafu makofi nani apige?

---

Fundi_wa_Mapigo

Wako nusu sahihi, na hiyo nusu ina thamani kubwa. Sikio la mtu wa Pwani, na la Nairobi lililokulia harusi za Pwani, linasikia mbili na tatu bila kufundishwa. Bendi nyingi za Ulaya hazina hiyo.

Tofauti ni kwamba kwenye chakacha tatu na mbili zinakwenda kwa pamoja, moja juu ya nyingine, muda wote. Kwenye bulerías zinafuatana: 6/8 halafu 3/4, halafu 6/8 tena. Mpiga chakacha akiachiwa uhuru ataendeleza mbili zile mpaka mwisho wa mzunguko, atavuka 6 bila kugeuka, na 8 na 10 zitafunikwa. Kwa hiyo wape uhuru katika nusu ya kwanza, 12 hadi 5, na nusu ya pili iandike noti kwa noti. Wakishashika kugeuka kwenye 6, waachie.

Snea drum weka kando kabisa. Ikiingia tu, ni gwaride la Jamhuri Dei. Cajón moja na ngoma moja ya chini inayopigwa kwa mkono.

Makofi: watu watatu tu, wasiopuliza kwenye sehemu hiyo, wakae kando ya mcheza dansi pamoja na cajón. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mpiga makofi aliye nyuma ya tuba, mita kumi, anamfikia mcheza dansi akiwa amechelewa karibu sehemu 3 kwa 100 za sekunde. Kwenye bulerías ya 220 nusu ya hesabu ni kama sehemu 14 kwa 100. Uchelewaji huo unasikika. Mmoja ashike mapigo, wa pili apige katikati ya mapigo, wa tatu amuunge mkono wa kwanza. Chini ya wimbo mikono iwe kama kikombe, sauti nzito. Mwishoni vidole vipige kiganja, sauti kavu. Bendi nzima ikipiga makofi inakuwa harambee.

---

Seremala_Gikomba

Cajón msiagize nje. Mfundi yeyote wa mbao anaweza: sanduku la sentimita 30 kwa 30 kwa 48, pande za plaiwudi ya milimita 12, uso wa mbele milimita 3, tundu la sentimita 11 nyuma. Mbele pembeni na chini tumia gundi na skrubu. Pembe mbili za juu usitie gundi, skrubu tu, ili uweze kulegeza upate ule mlio mkavu. Ndani nyuma ya uso, pitisha nyaya mbili za zamani za gitaa zikigusa ubao, na ziwe na kikazio. Zikilegea zinakoroma, zikikaza sana hazisemi. Kosa la mafundi wengi ni kuweka uso wa milimita 6 «ili usivunjike». Unapata stuli.

---

Klarineti_ya_Pili

Jambo la haki, kabla hujachukua falseta kutoka rekodi. Soleá na alegrías zenyewe ni mali ya jadi, hakuna anayezimiliki. Falseta iliyotungwa na mpiga gitaa ni utunzi wake. Sheria ya Kenya inalinda utunzi wa muziki miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Paco de Lucía alifariki 2014, kwa hiyo usiguse bila ruhusa. Ramón Montoya alifariki 1949, na huku kwetu muda wake umekwisha. Uhispania watunzi wa enzi yake wanalindwa miaka 80, kwa hiyo video mkiiweka mtandaoni ikaonekana kule ni habari nyingine mpaka mwisho wa 2029. Njia rahisi ni kuandika falseta zenu, mizunguko miwili miwili, mkifuata 3 na 10.

---

Bwana_Tromboni

Nyongeza kwa hao wa Jeshi la Wokovu. Kwenye bendi zao tromboni ya tena inasoma ufunguo wa G (hapa ufunguo ni alama ya mwanzo wa mistari, si toni ya wimbo) kwa Bb, sawa na korneti, na tromboni ya besi peke yake ndiyo inayosoma ufunguo wa F kama piano. Tuba yao nayo ni ya Eb au Bb kwenye ufunguo wa G. Uliza kila mtu anasoma nini kabla ya kuchapisha, utoe karatasi za aina mbili. Kwa soleá yenu, tromboni wa ufunguo wa G atakuwa anasoma Am, G, F, E pamoja na tarumbeta, na ule mtelezo wa nafasi ya tatu kwenda ya nne kwake umeandikwa F kwenda E.

---

Mpanga_Noti_Kariobangi

Nimeuliza. Tromboni wawili wanasoma G, mmoja F. Tuba ni Eb ya ufunguo wa G. Naandika upya kuanzia 12. Mama Jukwaa, boksi la bulerías liwe mzunguko mmoja au miwili?

---

Mama_Jukwaa

Miwili. Wa kwanza bendi nzima, wa pili makofi na cajón tu, ili apate mahali pa kutupa miguu yake na wapiga shaba wapate pumzi. Na andika mlango wa kutokea mwishoni mwa mizunguko yote miwili, kwa sababu anaweza kuita akiwa kwenye wowote.